Maharage Yaliyozunguka Mtaa

"Usinifundishe maharage yangu," Nurys alikuwa akisema. Alisimama katikati ya barabara na bakuli mkononi, kana kwamba magari yote ya mtaa wetu wa Los Mina yameambiwa yasubiri. "Mwanangu naweza nikamkosea gizani. Maharage yangu siwezi."

"Maharage ni maharage, somo yangu," Fiordaliza alimjibu kutoka barazani kwangu. "Yana maziwa, yana tui, yana viazi vitamu, yana sukari. Mtaa mzima umepika hayohayo wiki hii. Hayo utajuaje kuwa ni yako?"

"Nayajua."

"Kwa alama gani? Uliyachanja?"

"Nimesema nayajua."

"Basi mahakamani utashindwa," Fiordaliza akasema, akajivutia sweta lake.

Baraza langu ndiyo saluni yangu. Nywele za Fiordaliza nilikuwa nimezifikisha nusu: upande wa kulia rola zimejipanga kama askari, upande wa kushoto nywele bado zinajiamulia zenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, kitana mkononi, nimenyamaza. Wanaonijua watakwambia kwamba Miguelina akinyamaza aitiwe daktari. Lakini siku hiyo nilikuwa na sababu, tena mbili, na kila moja ilikuwa inanisukuma meno kwa ndani.

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Huku kwetu, Kwaresima ikikaribia ukingoni, kila nyumba hupika maharage matamu, mazito kama uji, na hakuna anayepika ya kujilisha mwenyewe. Unampelekea jirani bakuli, jirani anakuletea la kwake, unalisifia mbele yake, halafu unakwenda kwa jirani wa tatu kusema kwamba limezidi karafuu. Ndivyo tunavyopendana.

Jumanne ile Nurys alimpelekea Fiordaliza bakuli, limefunikwa biskuti za maziwa juu. Fiordaliza alilipokea kwa mikono miwili, akalinusa, akafumba macho, akasema haijapata kutokea. Nurys akarudi kwake anatembea kama bibi harusi.

Jumatano asubuhi, Chago akavuka barabara. Chago ndiye mwenye duka la kona, mgane wa siku nyingi, mtu ambaye hata maji ya chai humshinda. Alikuwa amenyoa ndevu na kujipaka manukato mpaka mbwa walimpisha. Mkononi alikuwa na bakuli la bluu. Akamwambia Nurys kwamba maharage hayo ameyapika kwa mikono yake miwili, tangu kuyachagua mpaka kuyachuja, na kwamba upweke umemfundisha mengi.

Nurys akachovya kijiko. Akaonja. Akaonja tena. Akamwangalia Chago kwa muda, kisha akamuuliza maswali matatu kuhusu mdalasini. Chago alihimili kama barafu inavyohimili jua. Kwenye swali la pili alikuwa tayari amesema kwamba bakuli amepewa na Fiordaliza, na kwamba Fiordaliza humpa kila mwaka.

"Kila mwaka?" Nurys akauliza.

"Kila bakuli," Chago akasema, masikini, akidhani anajitetea.

Hapo ndipo Nurys alipotoka na bakuli mkononi, na hapo ndipo mlipotukuta.

Sasa niwaeleze sababu zangu mbili za kunyamaza.

Ya kwanza ilikuwa ya Nurys. Alama aliyoijua na asiyoweza kuitaja ilikuwa moshi. Jumatatu alikuwa ameweka sufuria jikoni, akashika simu kumsikiliza dada yake aliyeko Puerto Rico, na simu ya dada yake haina breki. Maharage yakashika chini. Aliyahamisha kwenye sufuria nyingine, akaongeza vanila, akaongeza zabibu, kisha akaja kwangu kuosha nywele zilizokuwa zinanuka kama kiwanda, akaniapisha kwa jina la marehemu mama yangu nisiseme. Mwanamke anayejulikana kwa maharage kuanzia kanisani mpaka stendi hawezi kusimama barabarani akasema: nayajua maharage yangu kwa sababu niliyaunguza.

Sababu ya pili ilikuwa ya Fiordaliza, na hiyo ilikuwa nzito.

Fiordaliza alikuwa mwanamke mkubwa. Sisemi mnene, maana mtaa huu unene haumsumbui mtu. Nasema mkubwa, magoti yalikuwa yanamlilia ngazini na sukari ilikuwa imempanda damuni mpaka daktari akaacha kutabasamu. Akaamua kufanyiwa upasuaji. Tumbo likakatwa, akaachiwa kifuko kama yai la kuku, na utumbo ukaungwa kwa njia ya mkato. Mtaa ulisema. Ulisema atakufa, ulisema atazeeka uso, ulisema mwanamke asiyekula ni kama redio isiyo na betri. Mtu mmoja tu alisimama upande wake, naye ni Nurys. Alimshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na aliporudi alitangaza dukani kwa Chago: "Somo yangu yuko salama, na atakula kila kitu, tena kuliko nyie."

Fiordaliza akapungua kweli. Sukari ya damu ikatulia, magoti yakanyamaza, akaanza kupanda kwenye paa kuanika nguo mwenyewe. Akapita mtaani na gauni la kiuno, na waliosema atakufa wakaanza kumuuliza namba ya daktari. Hayo kila mtu aliyaona.

Yasiyoonekana niliyajua mimi, maana kichwa cha mtu hakifichi kitu kwa msusi wake. Mwaka wa kwanza nywele zilimtoka mkononi mwangu kama manyoya ya kuku, nikawa nazifagia kabla hajageuka. Zimerudi, ila nyembamba. Kila mwezi anachomwa sindano ya vitamini, na atachomwa mpaka siku ya mwisho. Vidonge vya chuma, vidonge vya mifupa. Baridi, ndugu zangu, baridi katika mji ambao sisi tunalala na feni mbili: yeye hutembea na sweta la sufu, na mtaa ukamwita Bi New York. Na kitu kitamu, hata kijiko kikubwa kimoja, kinamwangusha. Kinashuka haraka mno kwenye utumbo, moyo unakimbia, jasho linamtoka, tumbo linageuka, lazima alale. Nilimkuta hivyo siku moja baada ya keki ya ubatizo, sakafuni kwake, mlango umefungwa. Akaniapisha. Mimi kutunza siri ni kama paka kutunza samaki, lakini niliapa.

Kwa hiyo tangu upasuaji, kila Kwaresima, mabakuli yaliingia mlango wa mbele wa Fiordaliza na kutoka mlango wa nyuma kwenda kwa Chago. Kilo alizoziacha Fiordaliza, Chago aliziokota zote. Mtaa uliona suruali zake zinambana, ukasema ni huzuni ya ugane.

"Haya," Nurys alisema sasa, akapanda ngazi za baraza langu. "Tuache maneno. Wewe kwa kuwa umekonda umeanza kutuona sisi wachafu. Chakula chetu cha kumpa Chago."

"Nisamehe, lakini mimi nipo hapa," Chago akasema kutoka mlangoni mwa duka lake.

"Wewe nyamaza, mpishi. Fiordaliza, kesho sufuria kubwa ya mtaa inapikwa uani kwangu. Miaka yote wewe ndiye ulimi wetu. Bila wewe kuonja na kusema imetosha, hatuzimi moto. Kesho usije. Nitaonja mwenyewe. Na bakuli langu halitavuka tena barabara hii kuja kwako."

Nilikuwa nimeshika nywele za Fiordaliza, nikahisi shingo imekaza. Mtu wa nje angesema: bakuli tu hilo. Lakini katika mtaa huu mtu asiyeletewa bakuli ni mtu aliyehama, hata kama bado analipa umeme hapohapo. Alikuwa na njia mbili. Aseme kweli, na kuanzia siku hiyo awe mgonjwa wa mtaa, anayepelekewa supu isiyo na chumvi na kuulizwa habari za choo chake. Au anyamaze, ampoteze Nurys.

Akachagua ya tatu, kwa sababu ana kichwa kigumu. Mimi nimekichana, najua.

"Nipe kijiko," akasema.

"Cha nini?"

"Si unasema nayaona machafu? Nipe."

"Fiordaliza," nikasema.

"Wewe funga rola."

Akachukua bakuli. Akala kijiko cha kwanza akimwangalia Nurys. Akala cha pili. Sisi tulidhani ataishia hapo, na nadhani hata yeye alidhani hivyo, lakini Chago akasema kutoka dukani, "Ona anavyoyaonea aibu," basi akaendelea. Alilimaliza lote, viazi, zabibu na biskuti zilizolainika, akakomba kwa kijiko mpaka tukaona ua lililochorwa chini. Akamrudishia Nurys bakuli.

"Matamu," akasema. "Umeridhika?"

Nurys aliangalia ndani ya bakuli. Alikuwa amekuja kwa vita na sasa hana adui. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba Fiordaliza angeweza kuyala hivyo miaka yote minne iliyopita badala ya kumnenepesha Chago. Kisha akakaa kwenye ngazi, maana mtu hawezi kuondoka ghafla kwenye ugomvi aliouanzisha mwenyewe; lazima kwanza azungumzie joto.

Akazungumzia joto. Chago akazungumzia bei ya maziwa. Mimi nikarudi kwenye nywele.

Jasho nililigundua mimi wa kwanza. Rola zilianza kuteleza. Niliweka moja, ikashuka; niliweka nyingine, ikashuka. Ngozi ya kichwa ilikuwa imelowa kama mtu aliyetoka baharini.

"Miguelina," akaninong'oneza, "moyo unakimbia."

"Twende ndani ukalale."

"Nikilala watajua."

"Usipolala watakuokota sakafuni, na watajua vilevile."

Akafikiri. Midomo ilikuwa imepauka. Kisha akafanya jambo ambalo mtaa wetu haukuwa umeliona tangu arudi hospitalini: akavua sweta.

Chago aliangusha chupa. "Jamani," akasema, "Fiordaliza amevua sweta. Kuna mtu anakufa."

Tulimlaza kwenye benchi la wateja, miguu juu ya mto, rola upande mmoja na nywele zilizosimama upande mwingine. Macho alifumba. Tumbo lake lilikuwa linanguruma mpaka Nurys aliyekuwa amepiga magoti chini alilisikia. Nurys akamshika mkono, mkono ulikuwa unatetemeka na umelowa, akaanza kusali, akaacha kusali katikati.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nimemuua."

"Hajafa," nikasema.

"Ni maharage yangu. Miguelina, ni yale. Yaliungua, Mungu wangu, niliyaunguza Jumatatu, sufuria ilikuwa nyeusi, nilipaswa kuyamwaga, nikaona haya kwa sababu ni Juma Kuu na mimi ni Nurys. Nikatia vanila. Nimemlisha somo yangu masizi na vanila, na nikamlazimisha, mbele za watu."

Chago alikuwa ameshafika, anahema, na chupa ya soda nyekundu ameifungua tayari. "Mpeni hii. Ni sukari imemshuka. Anahitaji kitu kitamu."

Nilimnyang'anya ile chupa. "Unataka kumaliza kazi?"

Pale benchini ikasikika sauti kama kikohozi. Fiordaliza alikuwa anacheka. Alicheka macho yamefumbwa, mkono juu ya tumbo, anatua kuvuta pumzi kisha anaendelea.

"Nurys," akasema. "Uliyaunguza?"

"Kidogo chini."

"Na ndiyo alama uliyokuwa huitaji."

"Pumzika, usiseme."

"Wewe mwanamke. Umesimama katikati ya barabara unanitukana, kumbe umeficha sufuria."

"Ipo chini ya kitanda," Nurys akasema, akafuta pua. "Nasugua kila usiku haitoki."

Na kwa kuwa mtu aliyelala chini hana tena heshima ya kulinda, Fiordaliza akasema yote. Alisema polepole, katikati ya mawimbi ya tumbo. Kwamba maharage hayakuwa na kosa. Kwamba kitu kitamu chochote kinamfanya hivi, hata kingepikwa na malaika. Kwamba haiponi, si kidonda kinachofunga, ndivyo mwili wake ulivyo sasa, na ameuzoea kama mtu anavyozoea nyumba yenye bomba bovu: unajua ufungue lipi na usiguse lipi.

"Unajuta?" Chago akauliza. Wanaume wa duka wana swali moja tu.

"Sijuti. Nilikuwa sipandi ngazi tatu, Chago. Leo napanda paa. Ningefanya tena kesho asubuhi."

"Sasa kwa nini hukusema?" Nurys akauliza. "Sisemi kwa mtaa. Kwangu mimi. Mimi niliyekushika mkono mpaka mlangoni."

"Kwa sababu hiyohiyo. Wewe ndiye uliyewaambia wote kwamba nitakula kila kitu. Ulinitetea mpaka sauti ikakauka. Nikuaibishe?"

Nurys akamfuta jasho la paji la uso.

"Na kuna lingine," Fiordaliza akasema. "Nilipokuwa mkubwa, nikikaa kula mtaa mzima ulikuwa unahesabu nilichokula. Yule kachukua wali mara mbili, yule kaongeza ndizi. Nikaenda kukatwa tumbo nikidhani wataacha kuhesabu. Wangejua hili, wangeanza kuhesabu nisichokula. Nimechoka kuhesabiwa, somo. Nilitaka niletewe bakuli kama watu, basi."

Mimi nilijifanya naokota rola. Zilikuwa nyingi.

Nurys hakulia, na nilimsubiri alie. Alikuwa amekunja uso, anawaza jambo, na mimi namjua: kwake huruma hupita kwanza jikoni.

"Ngoja," akasema. "Kama huli sukari, mwaka jana sufuria ya mtaa nani alionja?"

Fiordaliza akageuza uso ukutani.

"Fiordaliza. Ulionja kwa kutumia nini?"

"Ncha ya ulimi. Halafu natema kwenye leso."

"Na ulisema imetosha."

"Kwangu ilikuwa imetosha. Baada ya upasuaji ulimi nao ulibadilika. Chembe moja ya sukari naiona kama gunia. Nyie mlikuwa mmetia robo tu, mimi nikawa naona mmenitia mdomo kwenye mzinga wa nyuki."

Nilikumbuka sufuria za miaka ile, kila mwaka zinapungua utamu, mpaka mwaka jana tulikula kitu ambacho angepewa mgonjwa wa mafua. Watoto walikikataa. Na tulikuwa na maelezo yetu. Tulikubaliana mtaa mzima, bila kikao, kwamba Chago anachanganya sukari na unga.

Chago naye alikuwa amefika hapohapo kwa mawazo yake. Alisimama wima, manukato yote yakasimama pamoja naye.

"Mlinisusia sukari," akasema. "Mlikuwa mnakwenda kununua sokoni, mnapita mbele ya duka langu na mifuko. Padri aliniuliza kuhusu mizani."

"Chago, tulikosea," nikasema.

"Padri, Miguelina."

"Na wewe uliyesema umepika kwa mikono yako miwili?" Nurys akamuuliza. "Padri tumwambie na hilo?"

Chago akafikiri, akaona hesabu zimelingana, akaketi kwenye ngazi na kunywa soda yake nyekundu mwenyewe.

Mawimbi yakapungua. Jasho likakauka, na Fiordaliza akaomba sweta lake, tukajua amerudi. Nilimkalisha, nikamalizia rola upande uliobaki, maana kichwa nusu hakiwezi kuachwa kitoke saluni kwangu, hata kwa msiba. Nurys hakuondoka. Alikuwa ananipokeza rola moja moja, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na kila mara alikuwa anamtazama Fiordaliza kwa pembe ya jicho.

"Acha kunitazama hivyo," Fiordaliza akasema. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa."

"Nakutazama vipi?"

"Kama kifaranga kilichonyeshewa."

"Nakutazama kama tapeli. Miaka yote umenilisha sifa. 'Ee Nurys, haijapata kutokea.' Kumbe kweli haijapata kutokea, hujawahi kuonja."

"Leo nimeonja."

"Enhe?"

"Yananuka moshi."

Nurys akampiga begani kwa rola. Nilijua basi kwamba vita imekwisha, ila bado haikuwa imeamuliwa nani atakaa wapi. Nikauliza mimi, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kumeshaanza kuniumiza tumbo: "Na kesho? Sufuria ya mtaa?"

"Kesho anakuja," Nurys akasema. "Sukari nitaonja mimi. Yeye atakaa kwenye kiti atuambie kuhusu karafuu, pua yake haikukatwa."

"Nitakaa karibu na moto," Fiordaliza akasema. "Niangalie isishike chini."

"Usizidishe."

"Na simu yako utaiacha kwa Miguelina."

"Nimesema usizidishe."

Jua lilikuwa limepanda. Barabarani harufu za jikoni zilianza kukutana, kitunguu cha huyu na kitunguu cha yule. Ndipo nikaona mikono ya Fiordaliza inaanza kutetemeka tena, safari hii bila jasho. Aliificha chini ya sweta.

"Ni nini tena?" Nurys akauliza.

"Hakuna. Ndivyo inavyokwenda. Sukari ikipanda mbio, hushuka mbio. Sasa natakiwa kula kitu kidogo kisicho na sukari. Samaki, yai, chochote. Nakwenda nyumbani."

"Nimepika samaki wa chumvi na mayai."

"Asante, somo. Nitakula nyumbani."

Sentensi hiyo tumeisikia sana. Kwenye ubatizo, kwenye matanga, kwenye sikukuu za Krismasi: asante, nitakula nyumbani. Tulidhani ni maringo ya mwanamke aliyepata kiuno. Nurys naye aliisikia, lakini safari hii aliisikia vizuri. Alimwangalia.

"Nyumbani ukila, unakulaje?"

"Polepole."

"Polepole vipi?"

"Polepole ya kuchosha watu. Vijiko vitatu, vinne, kila tonge natafuna mpaka linasahau lilikuwa nini. Maji sinywi mpaka baadaye. Na siku nyingine linakwama hapa," akagusa kifua, "inabidi nisimame, nizunguke chumba, wakati mwingine nikimbie bafuni. Si jambo la kufanyia mbele za watu."

"Mimi si watu."

"Nurys."

"Mume wangu marehemu alikuwa anavua meno na kuyaweka kando ya sahani. Miaka yote ya ndoa. Wewe unaniambia habari ya kuzunguka chumba?"

Chago akacheka puani na soda ikampalia. Fiordaliza hakucheka, ila alisimama, rola zote kichwani, akashuka ngazi zangu akishika ukuta. Pale chini njia inagawanyika: nyumba yake kushoto, ya Nurys mbele, ng'ambo ya barabara. Akasimama. Pikipiki ikapita. Akawa bado amesimama, mikono imefichwa, anatazama upande wa nyumba yake kama mtu anayesubiri aitwe kutoka huko, na huko hakuna mtu.

Nurys alikuwa ameshavuka. Chago naye alivuka nyuma yake, amejinyoosha shati.

"Wewe unakwenda wapi?" Nurys akamuuliza.

"Nilisikia samaki."

"Umekula maharage yangu miaka minne. Bado hujashiba? Rudi dukani. Jumapili tutazungumza."

Chago alirudi akitembea taratibu, anaitafuna ile "Jumapili" kama kitu chenye mafuta.

Nurys akaingia ndani. Nilisikia kiti kinaburutwa, kisha kingine. Alipotoka tena mlangoni alikuwa na kitambaa cha meza begani na sahani ndogo mkononi, ile ya kuwekea kikombe. Hakuita kwa sauti ya mtaa, ile aliyokuja nayo asubuhi. Ilibidi niiname juu ya ukuta wa baraza ili nisikie, na niliinama.

"Nimeweka kiti chako karibu na bafu," akasema, "na changu nimekigeuzia televisheni. Kuna tamthilia, inaisha saa nane, mimi sitageuka. Ingia ule, somo."